Adui wa chupa ya yogati ni maji

Usiku kila chupa iliyopangwa kwa ajili ya asubuhi hupendeza. Yogati nyeupe, embe la manjano, mistari imenyooka kama pindo la kanga mpya. Friji ikifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi ndipo hesabu hutoka: maji ya manjano hafifu yamesimama juu, vipande vya embe vimezama hadi katikati, na granola, zile oti zilizokaangwa na asali, imegeuka uji. Wengi hulaumu yogati au mama wa matunda. Mara nyingi kosa liko kwingine. Hakuna aliyejiuliza, wakati wa kupanga, maji yatatoka wapi na yataenda wapi katika muda wa saa nane au tisa chupa ikiwa imefungwa.

Chupa hii ya tabaka, ambayo mikahawa ya Kilimani na Westlands, Nairobi, huiuza kwa jina la pafe, ina yogati, matunda na kitu kikavu cha kutafuna. Yogati ya kawaida ni maji kwa zaidi ya asilimia 80. Embe nalo vivyo hivyo. Stroberi na tikiti maji hupita asilimia 90. Kitu kikavu hakina maji karibu yoyote, na kazi yake ya asili ni kuyanywa. Ukivifungia pamoja usiku kucha, maji yatahama tu. Kuyazuia kabisa huwezi. Unaweza kuyapunguza kabla ya kupanga, na yale yatakayobaki ukayawekea kitu cha kuyanywa.

Yogati yenyewe

Kwenye rafu za maduka ya Nairobi kuna vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Kuna yogati ya kunywa, nyepesi, yenye sukari na ladha ya vanila au stroberi. Hiyo iache ilipo. Hata ukiichuja itakuangusha. Kuna mala, maziwa yaliyogandishwa na bakteria wanaopenda joto la kawaida la nyumba, na mgando wake ni dhaifu: ukiumimina tu umeshavunjika na maji yameanza kujitenga. Halafu kuna yogati ya kula, isiyo na ladha, iliyogandishwa kwa joto la nyuzi 42 hadi 45. Hiyo ndiyo ya chupa. Soma maandishi ya nyuma: maziwa na bakteria hai, basi. Ukikuta wanga au jelatini, ujue uzito unaouona umetokana na kitu kilichoongezwa. Si dhambi kuitumia, maana jelatini hushikilia maji na chupa haitavuja upesi, lakini haichujiki vizuri na ladha yake ni butu.

Hata yogati nzuri ya dukani huhitaji kuchujwa. Tandika kitambaa cha pamba kilichochemshwa juu ya chujio, weka chujio juu ya bakuli refu, mimina lita moja ya yogati, funika, ingiza kwenye friji. Baada ya saa tatu au nne utapata takriban gramu 600 za yogati nzito, na bakuli litakuwa na karibu mililita 400 za maji ya manjano. Hayo ndiyo maji ambayo yangekusubiri juu ya chupa asubuhi. Usiyamwage: yakandie chapati badala ya maji ya kawaida, unga utalainika, au yatie kwenye uji wa wimbi upate uchachu mzuri. Kipimo cha yogati iliyochujika vya kutosha ni kijiko: ukikisimamisha katikati, kinakaa. Ukisahau ikachujika usiku mzima itakuwa kama jibini laini. Irudishie maji yake yaleyale, kijiko kimoja kimoja, hadi itulie.

Mala pia yaweza kuchujwa, kwa kitambaa kilichofumwa karibu zaidi, na kwa muda wa saa mbili tu. Hutoka na uchachu mkali na chembechembe kidogo. Pamoja na embe lililoiva sana, uchachu huo unafaa kuliko yogati. Pamoja na pasheni, meno yatalia.

Jambo moja linalowashangaza watu: ukitia asali au sukari kwenye yogati iliyochujwa na kuikoroga, italegea tena mbele ya macho yako. Asali ni kiowevu, na kijiko kinachokoroga kwa nguvu huvunja mgando na kuachilia maji uliyodhani umeyaondoa. Utamu uweke kwenye matunda ya kupikwa, au uache asali ikae peke yake chini ya chupa kama tabaka jembamba. Yogati igeuze mara mbili tatu kwa mwiko na uiache.

Anayegandisha yake nyumbani apate lita moja ya maziwa mabichi au ya pakiti. Yapashe moto hadi nyuzi 85 na uyaweke hapo dakika kumi ukikoroga, kwa sababu joto hilo hufungua protini za maziwa na kuzifanya zishikane vizuri zaidi baadaye. Ndiyo siri ya mgando mzito. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo asiye na kipimajoto ayasubirie maziwa yaanze kupanda sufuriani, apunguze moto yasimwagike, kisha ahesabu dakika zake. Yapoze hadi nyuzi 43 au 44. Kidole kidogo kilichooshwa kikiweza kukaa ndani hadi uhesabu kumi bila kukimbia, yako tayari. Chukua vijiko viwili vya yogati hai isiyo na ladha, uvikoroge kwanza na maziwa kidogo kwenye kikombe, ndipo urudishe kwenye sufuria. Funika, fungia kwenye blanketi, acha saa sita hadi nane bila kuitikisa.

Isipoganda, sababu hazizidi nne. Mbegu, yaani ile yogati hai, iliingia maziwa yakiwa bado ya moto na bakteria wakafa. Au mbegu yenyewe ilikuwa imekaa sana dukani. Au joto lilishuka mapema, na hili ni la Juni hadi Agosti, usiku wa Nairobi unaposhuka kufikia nyuzi 12 na blanketi moja halitoshi. Tumia chupa ya chai ya kuhifadhi joto, iliyosuuzwa kwanza kwa maji ya moto, au ongeza saa tatu. Ya nne haiko mikononi mwako: maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa kwa dawa za kuua bakteria hubeba mabaki ya dawa hiyo, na mabaki hayo huua bakteria wa yogati vilevile. Ukipata maziwa yasiyoganda mara mbili mfululizo kutoka kwa muuzaji mmoja, na mbegu yako ni nzuri, badilisha muuzaji.

Matunda, na yapi yasilale humo

Hapa ndipo chupa nyingi huharibika, na si kwa sababu ya uchafu wala uzee wa tunda.

Nanasi lisilopikwa lina kimeng'enya kinachovunja protini. Kinywani ndicho kinachokuwasha ulimi ukila nanasi nyingi. Ndani ya chupa, kinaila yogati. Usiku mmoja unatosha: pale nanasi lilipogusana na yogati pamekuwa majimaji, na ladha yake ni chungu, uchungu wa kukauka kooni ambao sukari haifuniki. Watu hudhani nanasi lilikuwa limeoza. Halikuoza. Dawa ni moto. Kata gramu 200 za nanasi vipande vidogo, tia kijiko kimoja cha sukari, usitie maji. Weka kwenye moto wa wastani hadi lichemke kwa maji yake, kisha dakika nane nyingine. Joto huvunja kimeng'enya, na dakika hizo pia hukausha maji ya ziada. Lipoe kabisa kabla ya kuingia chupani. Nanasi la kopo lilishapikwa kiwandani, kwa hiyo halina tatizo hilo; lichuje tu sharubati yake.

Papai ni ndugu wa nanasi katika hili. Kimeng'enya chake kiko zaidi kwenye papai bichi, kwenye ule utomvu mweupe, na hupungua linapoiva, lakini kinachobaki kinatosha kutia yogati uchungu hadi asubuhi. Tena ni sugu: hustahimili joto kuliko kile cha nanasi, na papai lililopikwa kwa kweli halina raha. Papai likate asubuhi. Kama utaondoka saa kumi na moja na nusu na huna muda wa kukata, lifungie usiku kwenye kibakuli chake na ulimimine juu wakati wa kula. Tunda la kiwi nalo lina tabia hiyohiyo, ingawa kwa bei yake hapa wachache watalilaza chupani.

Ndizi haiharibu yogati. Inajiharibu yenyewe. Ikikatwa, nyama yake hukutana na hewa na kuwa kahawia, na baada ya saa chache hulegea kama kamasi. Maji ya limau hupunguza kasi, lakini hutia ladha isiyotakiwa. Rojo la pasheni hufanya kazi ileile na ladha yake inakubaliana na ndizi, kwa hiyo kama ni lazima ndizi ilale, ipake pasheni pande zote na uizike katikati ya yogati mbali na kioo. Ndizi ndogo za sukari hustahimili kuliko zile ndefu za Kampala. Ukweli ni kwamba ndizi humenywa kwa sekunde tano. Ibebe na maganda yake.

Embe ndilo mfalme wa chupa, kuanzia Desemba hadi Machi, magari ya Makueni yanapojaza soko la Marikiti. Chagua aina isiyo na nyuzi: Apple ikiiva hadi karibu na kikonyo, Ngowe ya Pwani, au Kent. Dodo ni tamu lakini nyuzi zake hukwama kwenye kijiko na kuburuta tabaka zote juu. Kata vipande vya sentimita moja. Vikubwa huacha mianya ambamo yogati huteremka na mstari wako ukapotea. Vidogo mno huvuja. Visitiwe sukari hata chembe, maana sukari huvuta maji kutoka ndani ya tunda na baada ya nusu saa utakuwa na sharubati chini ya bakuli. Vilaze dakika kumi kwenye chujio kabla ya kupanga. Embe lililopangwa hivyo hukaa siku mbili bila aibu.

Sukari hiyohiyo unayoikwepa kwenye embe ndiyo unayoitumia kwa makusudi kwenye stroberi. Stroberi mbichi iliyokatwa haifai kulala: huvuja rangi, yogati hupata mabaka ya waridi, na tunda lenyewe hubaki sponji. Igeuze iwe rojo. Gramu 250 za stroberi, vijiko viwili vya sukari, kijiko cha chai cha maji ya limau. Acha dakika ishirini maji yatoke, kisha chemsha dakika nane hadi kumi ukikoroga, mpaka mwiko ukiburutwa chini ya sufuria uache njia isiyojifunga mara moja. Likipoa huwa zito zaidi, kwa hiyo usisubiri liwe gumu likiwa bado motoni. Hilo litakuwa jemu. Kiasi hicho kinatosha tabaka moja katika chupa nne. Forosadi hupikwa vivyo hivyo, na rangi yake ni kali zaidi; vaa aproni.

Matunda damu yanastahili heshima kuliko yanayopewa. Wengi huyakata mabichi na kukuta ganda chungu. Yachovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, menya, kata, yapike manne na vijiko viwili vya sukari kwa dakika saba. Hutoka rojo jekundu-zambarau lenye uchachu unaofanya yogati iliyochujwa ionekane tajiri. 

Pasheni, ambazo wengine huziita karakara, chagua zilizokunjamana ganda. Zile laini zinazong'aa bado ni chachu. Moja hutoa kijiko kimoja na nusu hivi. Usiimwage moja kwa moja juu ya yogati ukategemea ikae hapo, kwa kuwa ni maji yenye mbegu na itatafuta njia ya chini kando ya kioo. Ichanganye na nusu kijiko cha chai cha mbegu za chia, ngoja dakika kumi na tano, na itakuwa rojo linalojua kukaa.

Tikiti maji sahau. Machungwa nayo sahau, isipokuwa uko tayari kutoa kila kipande kwenye ngozi yake nyeupe.

Kabla ya kisu kugusa chochote, osha ganda, hata la tunda utakalomenya, kwa sababu kisu hubeba kilicho nje kukipeleka ndani. Mtaani kwenye mgao wa maji, osha kwa maji ya pipa na usuuze kwa jagi moja la maji yaliyochemshwa yakapoa. Stroberi zioshwe wakati wa kutumika tu; zikioshwa na kurudishwa kwenye friji huota ukungu.

Wanaokunywa maji

Chini kabisa ya chupa panahitaji mnywaji. Oti ndizo bora. Vijiko vitatu vya oti bapa, yaani gramu 16 au 18, vilivyokorogwa na vijiko vitatu vya maziwa au yogati ambayo haikuchujwa, hujenga msingi ambao hadi asubuhi umelainika na umekunywa chochote kilichoteremka. Zile oti za kupikwa haraka zilizokatwa vipande vidogo hugeuka gundi. Tumia zilizo nzima. Ukiona asubuhi msingi ni mkavu na unapasuka, uliweka oti nyingi na zimeanza kunyonya tabaka ya yogati iliyo juu yake. Punguza kijiko kimoja badala ya kuongeza maziwa.

Mbegu za chia hushika maji takriban mara kumi ya uzito wake, na ndiyo sababu kijiko kimoja kizima kwenye chupa moja ni kingi. Kosa lake ni mabonge. Zikoroge zinapoingia, ngoja dakika tano, zikoroge tena. Ukikoroga mara moja tu, za nje hujifunga utelezi na za ndani hubaki kavu kama changarawe.

Granola haina nafasi ndani ya chupa usiku. Hata mbinu ya kuipaka siagi ya njugu chini yake kama ukuta, ambayo tumeiona ikisifiwa, huchelewesha tu: unyevu uliofungiwa chini ya kifuniko huifikia kutoka juu. Ibebe pembeni kwenye kichupa kidogo au karatasi iliyokunjwa, gramu 25 kwa mtu mmoja, uimimine ukiwa umeketi kula.

Kuitengeneza hakuhitaji ovini. Kwenye sufuria nzito, moto mdogo, weka vikombe vitatu vya oti nzima na gramu 100 za njugu au makadamia zilizopondwa vipande, ukigeuza kwa mwiko dakika 12 hadi 15 hadi harufu ibadilike na oti ziwe rangi ya biskuti. Hapo, na si kabla, mimina vijiko vitatu vya mafuta na vinne vya asali vilivyopashwa pamoja na chumvi kidogo. Geuza dakika mbili tatu, mwaga kwenye sinia, tandaza, na usiiguse hadi ipoe kabisa. Inaposhikana ndipo mabonge matamu huzaliwa. Asali ikiingia mwanzoni itaungua na oti zitabaki mbichi. Mwenye ovini atumie nyuzi 150 kwa dakika 25 hadi 30, akigeuza mara moja. Ikifungwa kwenye kopo ikiwa bado vuguvugu, mvuke wake utailainisha, na kesho utadhani hukuikausha.

Njugu zichambue moja moja. Iliyonyauka, yenye ukungu au chungu itupe, wala usiseme moto utaitakasa: sumukuvu haiondoki yote kwa kukaangwa.

Mbegu za mchicha zilizobisishwa ni nyepesi na zinapatikana madukani, ila hulowa kwa dakika mbili. Kwa anayekula haraka tu.

Kupanga

Chupa ya jemu au asali ya gramu 500 hubeba kati ya mililita 350 na 400, na ndiyo saizi ya mtu mmoja mwenye njaa. Mdomo wake upite kijiko kwa mlalo. Ukiwa mwembamba utapaka kioo kizima ukijaribu kufika chini. Kwa chupa hiyo weka msingi wa oti, gramu 80 za yogati iliyochujwa, gramu 50 za matunda, gramu 80 nyingine za yogati, na gramu 40 za matunda juu. Zitabaki nafasi za vidole viwili, na nafasi hiyo ni ya granola, usiijaze kwa pupa.

Rojo lolote liwe limepoa hadi ubaridi wa friji. Rojo vuguvugu huyeyusha mgando unaoligusa na kufungulia maji mlango. Chupa nayo iwe kavu ndani. Matone yaliyobaki baada ya kuosha yanatosha kufanya yogati iteleze kwenye kioo.

Kwa mstari ulionyooka, yogati isimwagwe katikati kwa kijiko. Itie kwenye koni ya karatasi ya kuokea, iliyokunjwa kama ile ya muuza njugu, kata ncha, na uizungushe kuanzia kwenye kioo kuja katikati. Watu walizoea kutumia mfuko wa plastiki uliokatwa kona, hadi mifuko ilipopigwa marufuku Agosti 2017. Koni ya karatasi ni safi zaidi hata hivyo. Vipande vya matunda vipange kwanza dhidi ya kioo, kisha ujaze katikati. Gonga chupa mara moja tu juu ya kitambaa kilichokunjwa mezani ili hewa itoke. Ukigonga mara kumi kwa kupenda sauti yake, tabaka zitajipenyeza.

Njiani na bila stima

Chupa itoke kwenye friji mwisho kabisa, viatu vikiwa vimeshavaliwa. Ifunge kwa gazeti na leso, isimamishe wima kwenye mkoba kati ya vitu visivyosogea. Matatu ya Thika Road ikifunga breki Roysambu, chupa iliyolazwa itakuwa maziwa ya matunda kabla hujafika mjini. Nje ya ubaridi isizidi muda wa saa mbili, kwa hiyo anayefika kazini saa mbili asubuhi na kula saa nne atafute friji ya ofisi, au aweke kichupa cha maji yaliyogandishwa kando yake.

Stima ikipotea usiku, usifungue friji kuangalia. Ikikaa imefungwa hudumu na ubaridi kama saa nne. Ukiamka ukakuta imezima muda usioujua, igusishe chupa shavuni: ikiwa haina tena ubaridi wa friji, usile, hata kama harufu ni njema. Yogati peke yake ina uchachu wa kuilinda kidogo, lakini tunda lililokatwa halina ulinzi huo.

Asiye na friji bado anaweza. Msingi wa oti apange usiku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa badala ya maziwa, rojo alipike asubuhi likiwa la chupa moja na alipoze kwenye beseni la maji, na yogati anunue kikopo kidogo alfajiri dukani kabla ya kupanda gari. Haitakuwa na tabaka nzito, kwa kuwa hakuna muda wa kuchuja. Aongeze nusu kijiko cha chia na kuikoroga mara mbili.

Yenye embe lisilopikwa iliwe ndani ya siku mbili, yenye rojo siku tatu. Yogati iliyochujwa peke yake, ikiwa imefunikwa, siku tano. Ukipanga chupa tano Jumapili kwa ajili ya wiki nzima, za Alhamisi na Ijumaa ziache na yogati na oti tu, matunda uyaongeze jioni ya kabla.

Kifuniko cha bati huliwa na uchachu wa yogati na pasheni. Rangi ya ndani ikianza kubanduka na kutu kujitokeza pindoni, funika mdomo wa chupa kwa karatasi ya kuokea kabla ya kukifunga, na wiki hiyohiyo utafute kingine. Harufu ya siagi ya njugu kwenye kifuniko cha zamani huondoka ukikisugua kwa magadi na maji ya vuguvugu na kukianika juani mchana mmoja.